Tukifika Unguja

Boti ya asubuhi ilikuwa imeshaziacha nyuma Bongoyo na Mbudya, bahari imeanza kuchafuka, mhudumu anapita na mifuko ya kutapikia. Nilikuwa nimeinamia simu nikisoma shajara za mwisho za David Livingstone, zile zilizochapishwa London mwaka 1874, mwaka uliofuata kifo chake. Nilichokuwa natafuta ni tarehe moja tu, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Tarehe nikaipita bila kuiona, maana macho yalikuwa yamenasa kwenye jina la mwanamke.

Halima.

Alikuwa mpishi wa Livingstone. Daktari anamsifu: ni msikivu, ana akili, hajapata kuiba hata mara moja, na mumewe pia hamwachii aibe. Amempa nguo nzito ya kujikinga na baridi. Halafu anaandika ahadi. Nitampa uhuru wake, nitamnunulia nyumba na bustani Unguja, tukifika.

Chini ya ukurasa, mhariri wa shajara hizo, Horace Waller, ameweka maelezo mafupi. Halima aliifuata maiti ya Daktari hadi Unguja, anasema, na inauma kuona kwamba kifo hicho kimeuacha utumishi wake wote bila malipo.

Maelezo yanaishia hapo.

Tulifunga gati Malindi, nikashuka na watu, nikamaliza shughuli iliyonipeleka, nikarudi Dar. Wiki zimepita tangu hapo, na kila nikikaa kuandika jambo jingine namkuta Halima ametangulia, na ile ahadi yake mkononi. Basi niandike.

## Alitaka aambiwe aingie

Sifa zile zote Livingstone aliziandika kwa sababu ya ugomvi. Ilikuwa 1872, Unyanyembe, jirani na Tabora ya leo. Alikuwa akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Halima akagombana na mwanamke mwenzake wa msafarani, Ntaoeka, akakasirika, akaondoka zake. Daktari akaenda kwa Sultan bin Ali, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa pale, akapeleka barua ya kumfuatilia.

Barua haikuwa na kazi. Halima alirudi kwa miguu yake mwenyewe. Lakini hakuingia ndani. Alisimama nje, akataka Daktari atoke amwambie aingie. Daktari akatoka, akamwambia aingie, akamwongezea kwamba asigombane tena.

Nimeirudia sehemu hiyo mpaka naijua kwa moyo. Hapa yupo mwanamke ambaye kwa sheria na desturi za wakati ule hakuwa na ruhusa ya kwenda popote. Ameondoka. Amerudi kwa hiari yake. Na sasa anadai jambo ambalo mgeni wa heshima ndiye hulipata: mwenye nyumba atoke amkaribishe. Sijui kama Livingstone alielewa alichoombwa, lakini alikitimiza, na bahati nzuri alikiandika.

Katika mistari hiyohiyo anasema kwamba tangu alipompata kutoka kwa Katombo hajawahi hata mara moja kulazimika kumkemea. Katombo alikuwa mfanyabiashara wa misafara ya bara.

Tangu alipompata. Na mtu anayeahidiwa kupewa uhuru, kwa siku hiyo hana.

Hapo ndipo nilipokwama. Sisi sote tulifundishwa shuleni kwamba Livingstone alikuwa adui wa biashara ya watumwa, na alikuwa kweli. Tarehe 15 Julai 1871 alikuwa Nyangwe, kwenye kingo za Lualaba, pale bunduki zilipofyatuliwa sokoni katikati ya wanawake waliokuja na mihogo na samaki. Ameandika kwamba Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, wengi wao wakizama mtoni wakijaribu kukimbia. Barua alizoandika kuhusu siku ile ziliitikisa Uingereza, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Livingstone mwenyewe alikuwa amekufa mwezi mmoja kabla.

Na mtu huyohuyo alikuwa anapikiwa na mtu asiye huru.

Kumkasirikia ni rahisi, na nilimkasirikia siku kadhaa. Kisha nikaanza kuona kwamba hasira ile ilikuwa inaniondoa kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1872 Mirambo alikuwa vitani na Waarabu wa Tabora. Mwanamke aliye huru, asiye na ukoo pale, asiye na nyumba, asiye na mtu wa kumsemea, angeamka huru asubuhi na kufungwa kamba jioni. Karatasi ya uhuru isingemlinda na chochote. Pengine Daktari aliposema "tukifika" alikuwa anajua vizuri sana nchi aliyokuwa ndani yake.

Lakini neno hilo, tukifika, nilikuwa nimelisikia mahali pengine.

## Enrique, Estevanico, York

Ferdinand Magellan alipoondoka Hispania mwaka 1519 kutafuta njia ya magharibi ya kufika Visiwa vya Viungo, alikuwa na mtumwa aliyempata Malacca, katika Malaysia ya leo, aliyeitwa Enrique. Kabla ya kung'oa nanga aliandika wosia. Nikifa, Enrique awe huru, na apewe maravedi 10,000 za kuanzia maisha. Walipofika visiwa vya Ufilipino, Enrique ndiye aliyekuwa akiongea na wenyeji. Bila yeye wale Wazungu walikuwa mabubu. Magellan akauawa Mactan tarehe 27 Aprili 1521. Enrique alikuwa amejeruhiwa, akajilaza na kujifunika, hakushuka tena pwani kufanya kazi. Duarte Barbosa, aliyeshika uongozi, akamwambia ainuke: bwana wake amekufa lakini yeye bado ni mtumwa, na wakirudi Hispania atakuwa mali ya mjane wa Magellan. Siku chache baadaye mfalme wa Cebu aliwaalika viongozi wa meli karamuni, na wengi wakauawa. Pigafetta, aliyeandika habari za safari ile, anasema Enrique ndiye aliyekula njama na mfalme. Baada ya hapo jina lake linapotea.

Estevanico alitoka Azemmour, Moroko. Mwaka 1528 alishuka Florida akiwa mtumwa wa ofisa mmoja wa Kihispania, katika kundi la watu wapatao 300 walioingia bara. Njaa, maradhi, mishale na bahari viliwamaliza. Miaka minane baadaye walitokeza Mexico watu wanne, wamevuka bara zima kwa miguu. Yeye alikuwa mmoja wao. Njiani ndiye aliyekuwa akitangulia, akijifunza lugha, akizungumza na vijiji, mpaka wakapokewa kama waganga. Walipofika kwenye mji wa Wahispania, watatu walirudi kuwa mabwana na wa nne akarudi kuwa mali. Mwaka 1539 gavana mkuu wa Mexico akamtuma tena kaskazini awe kiongozi wa njia, akauawa katika nchi ya Wazuni.

York ndiye anayenikaa rohoni zaidi, kwa sababu habari zake zimeandikwa na bwana wake mwenyewe. Alikuwa mtumwa wa William Clark, aliyemrithi kutoka kwa baba yake. Kati ya 1804 na 1806 alikwenda na msafara wa Lewis na Clark, uliotumwa na serikali ya Marekani kuichunguza magharibi, hadi Bahari ya Pasifiki na kurudi. Alibeba bunduki, akawinda, akauguza wagonjwa. Novemba 1805, mdomoni mwa mto Columbia, msafara ulipiga kura wapi wakae majira ya baridi, na kura ya York ikaandikwa pamoja na za wengine. Ilikuwa miaka 60 kabla utumwa haujafutwa Marekani.

Waliporudi, wenzake walilipwa mshahara mara mbili na kugawiwa ardhi.

York hakupewa kitu. Aliomba aachwe Louisville, alikokuwa mke wake. Clark akakataa, na katika barua kwa kaka yake analalamika kwamba York amekuwa mkaidi na mvivu, kwamba amempiga, kwamba anafikiria kumuuza au kumkodisha kwa bwana mkali ili ajirekebishe. Ilipita miaka mingi kabla hajamwacha huru. Cheo cha heshima cha sajenti alikipata Januari 2001, kutoka kwa Rais Clinton, wakati mifupa yake haijulikani hata ilipo.

## Kinachotokea mkifika

Nimewapanga watu hawa mmoja baada ya mwingine, kutoka jamii ambazo hazikujuana kabisa, na kila nikiwatazama naona kitu kimoja.

Hatari ndiyo iliyowafanya watu.

Porini, mtoni, mbele ya mfalme usiyejua lugha yake, bwana hana njia ila kumtegemea mtumwa wake kama mtu: akili yake, ulimi wake, macho yake usiku. Huwezi kumkabidhi bunduki mtu unayemhesabu kama gunia. Huwezi kula chakula cha mpishi uliyemdhulumu ukalala usingizi. Kwa hiyo njiani mipaka inalegea. York anapiga kura. Estevanico anatangulia mbele ya mabwana zake. Halima anasimama nje na Daktari anatoka kumkaribisha.

Kisha mnafika. Pwani inaonekana, kuna ofisi, kuna karani, kuna daftari. Yule aliyekuwa mwenzako anarudi kwenye mstari wake wa hesabu.

Nilipokuwa mdogo tulifundishwa hatari za uvumbuzi kama hatari za wavumbuzi. Homa ya Burton, macho ya Speke, jino la simba kwenye bega la Livingstone. Lakini mvumbuzi alikuwa na kitu cha kupata akifika: kitabu, nishani, kaburi la heshima. Mtu aliyehatarisha zaidi ni yule ambaye kwake kufika kulikuwa nako ni hatari.

## Mtungi wa Losi

Livingstone alikufa mwanzoni mwa Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Hadithi ya kilichofuata tunaijua: moyo ulizikwa chini ya mti wa mpundu, Jacob Wainwright akasoma sala, mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani, ukazungushiwa gome la mti na kushonewa turubai. Susi na Chuma, wafuasi wake wa siku nyingi, wakauongoza msafara hadi Bagamoyo. Karibu miezi tisa.

Ninayotaka kuyakumbusha ni mambo mawili yasiyosimuliwa sana.

La kwanza ni Losi. Alikuwa binti mdogo aliyetembea katika mstari wa wapagazi, kichwani amebeba mtungi wa maji. Nyoka mkubwa akakatiza njia, akamgonga paja, akatokomea shimoni. Wakambeba, wakajaribu kila dawa waliyokuwa nayo. Dakika kumi hazikufika. Walimzika, wakaendelea na safari, kwa sababu maiti nyingine ilikuwa inasubiriwa Uingereza.

La pili ni hila iliyofanyika mahali paitwapo Kasekera. Watu wa njiani hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Wasafiri wakafunga bua za mtama zikafanana na maiti iliyosafirishwa, wakawatuma watu waibebe kwa kilio kurudi Unyanyembe, kana kwamba wameghairi na wanakwenda kuzika. Usiku wale wakayatupa mabua porini, vijitivijiti, wakarejea kwa wenzao. Mwili wenyewe ukawa umeshafungwa upya kama robota la nguo, mzigo wa biashara kama mizigo mingine. Ukapita.

Nafikiria akili iliyohitajika hapo. Walikuwa wameshakutana na Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, akawashauri wamzike Unyanyembe wasijisumbue. Wakakataa, kwa adabu. Hakuna aliyekuwa akiwaamuru. Kwa mara ya kwanza safari ilikuwa yao.

Bagamoyo walifika Februari 1874, maiti ikalala usiku mmoja kwa mapadre. Kisha meli ikaja, ubalozi wa Unguja ukawalipa mishahara, wakaambiwa wanaweza kwenda. Tarehe 18 Aprili Livingstone alizikwa Westminster Abbey, na Wainwright, mtumwa wa zamani aliyekombolewa na kusomeshwa Nasik, India, alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza. Jumuiya ya kijiografia ya London ikatengeneza nishani kwa ajili ya wafuasi wa Daktari. Zilipofika Unguja, wengi walikuwa wameshatawanyika, kila mtu na riziki yake.

Na Halima akashuka Unguja. Soko lilikuwa limefungwa miezi minane kabla. Siku ya Krismasi ya 1873 Wamisionari wa Kiingereza walikuwa wameweka jiwe la msingi la kanisa pale Mkunazini, soko lilipokuwa. Ndani ya kanisa hilo leo upo msalaba uliochongwa kwa mbao za ule mti wa mpundu. Mti umepata mahali pake Unguja.

## Kihindustani kando ya ziwa

Naomba nimtaje na Sidi Mubarak Bombay, kiongozi na mkalimani wa misafara ya wavumbuzi, kwa sababu yeye alipata bahati ya kusimulia maisha yake, na masimulizi yake yananihusu kwa namna nisiyoipenda.

Speke alipoanza safari ya bara mwaka 1857 hakujua Kiswahili wala Kiarabu. Alijua Kihindustani, alichojifunza jeshini India. Bombay alikijua pia, kwa sababu alikuwa amekaa India miaka mingi kama mtumwa wa mfanyabiashara wa Kiarabu, mpaka bwana wake alipokufa naye akapata uhuru akarudi Unguja. Kwa hiyo mwaka 1858, Mwingereza na Myao walipofika kwenye ziwa ambalo Speke alilipa jina la malkia wake, walikuwa wakizungumza lugha ya Bara Hindi. Uvumbuzi ule mkubwa ulipita katika ulimi ambao utumwa ndio ulioutengeneza. Miaka michache baadaye Speke huyohuyo alimpiga Bombay ngumi za uso akamng'oa meno ya mbele.

Bombay alimweleza Speke alivyokamatwa. Mama yake alishakufa. Alikuwa na umri wa kama miaka 12, kijijini kwao Uyao. Wakaja wafanyabiashara na watu wao wenye bunduki na mapanga, wakakizingira kijiji, wakadai walipwe papo hapo madeni ya nguo na ushanga ambayo wanakijiji walikopa zamani, wakati wa njaa. Hakuna aliyekuwa na cha kulipa. Kijiji kizima kikatimua mbio, wengi wakakamatwa. Baba yake hakumwona tena. Wakafungwa minyororo na kamba, wakapelekwa Kilwa, wakapakiwa jahazini, wakashushwa Unguja sokoni.

Speke aliwaandika wafanyabiashara hao kwa jina lao. Waswahili.

Nilitamani wawe watu wengine.

Mimi ni mtoto wa pwani, na makala hii ningeweza kuiandika yote nikiwanyooshea Wazungu kidole. Lakini Burton aliwakodi watumwa wa Ramji, karani wa forodha ya Unguja, wakaitwa "wana wa Ramji". Bwana wao alikaa kivulini akisubiri fedha. Mabruki, rafiki yake Bombay, alikodishwa na bwana wake kwa dola 5 kwa mwezi. Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, ambaye maisha yake ameyasimulia kwa Kiswahili kitamu kabisa, alimsaidia Livingstone, akamsaidia Cameron, na mwaka 1876 akakubaliana na Stanley kumsindikiza chini ya Lualaba kwa dola 5,000. Msafara ule wa Stanley ulianzia Bagamoyo 1874 ukatokea Boma, upande wa pili wa bara, Agosti 1877. Hesabu za walioondoka zinatofautiana, lakini hata kwa hesabu ndogo kabisa karibu nusu hawakufika. Na Stanley huyo alipowafunga wapagazi waliotoroka, aliwafunga kwa mnyororo wa watumwa. Mnyororo ulikuwa wetu.

Nilimgusia mambo haya bibi mmoja wa Ng'ambo, mama wa rafiki yangu, siku nyingine nilipokwenda Unguja. Nilishika adabu zote, nikaamkia, nikakunywa chai, nikauliza kwa mbali kama wazee wake walipata kumsimulia habari za waliofika zamani kutoka bara. Alinitazama kwa upole. "Mwanangu," akasema, "hapa hatuulizani asili." Kisha akanisogezea sahani ya mkate wa ufuta.

Namheshimu, na naelewa kwa nini. Katika miji yetu asili ilikuwa fimbo ya kupigana nayo, na 1964 haiko mbali. Kunyamaza kuliwawezesha watu kuoana, kuzikana, kusali safu moja. Lakini ukimya huohuo ndio uliommeza Halima. Waller alimwandikia mistari miwili ya huruma. Sisi hatukumwandikia hata mmoja.

## Nyumba na bustani

Nilipoanza, ile ahadi ya nyumba na bustani niliiona kama maneno matamu ya mgonjwa. Kilichonibadilisha ni sheria.

Mkataba wa 1873 ulizuia kusafirisha na kuuza watumwa sokoni. Utumwa wenyewe ulibaki halali Unguja miaka mingine 24. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud alitoa amri ya kuuondoa utumwa katika sheria. Nilikuwa naijua tarehe hiyo, sikuwahi kuisoma amri yenyewe kifungu kwa kifungu. Haikumwacha mtu yeyote huru siku ile. Anayetaka uhuru aende mahakamani akauombe. Bwana anayepoteza mtumwa wake halali alipwe fidia. Masuria hawakuhusika: walihesabiwa kama wake wa nyumbani, hawawezi kuondoka mpaka wathibitishe ukatili, na hali hiyo iliendelea hadi 1909.

Na kipo kifungu cha nne. Aliyetambuliwa kuwa huru lazima aonyeshe kwamba ana makazi maalumu na njia ya kujipatia riziki, asipoonyesha atahesabiwa mzururaji. Na kama makazi yake yako kwenye ardhi ya mtu mwingine, amlipe mwenye ardhi kodi watakayokubaliana, ambayo inaweza kuwa mazao au kazi ya mikono.

Soma tena uone kinachotakiwa. Makazi. Riziki. Ardhi isiyo ya mtu mwingine.

Nyumba na bustani.

Mtu aliyetoka mahakamani na uhuru wake bila hivyo viwili alirudi kwenye shamba lilelile la mikarafuu, akaanza kufanya kazi siku kadhaa za wiki kwa ajili ya kukaa alipokuwa akikaa siku zote. Livingstone aliyaweka mambo matatu katika sentensi moja, uhuru, nyumba, bustani, na sasa naamini alijua kwamba moja bila mengine halisimami. Kwa hiyo deni alilomwachia Halima lilikuwa kubwa kuliko Waller alivyolipima. Angeweza kulipa Waller. Wangeweza kulipa waliochapisha vitabu viwili vinene vya shajara hizo, waliochanga fedha za makumbusho, waliosimamisha sanamu. Ahadi ilikuwa imeandikwa, wameichapisha wenyewe, na bei ya kibanda na kiwanja Unguja mwaka 1874 isingewaumiza.

Wengi wa waliokuwa katika hali ya Halima waliishia kuvuka ule mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe na upande wa pili, wakajenga Ng'ambo. Walijenga kwa udongo, boriti na makuti kwenye viwanja vya watu wengine. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba mwaka 1880 kwa wazazi wenye asili ya utumwa, alihamia mji huo akiuza vyungu kabla sauti yake haijavuka bahari. Kodi ya viwanja ilipanda. Mwaka 1928 wakazi wa Ng'ambo waligoma, wakakataa kuilipa. Nyumba walikuwa wamezijenga kwa mikono yao. Walichodaiwa kulipia ni ardhi iliyo chini yake.